Wadogo zangu mnaoimba zilipendwa, tusikilizane

Jumapili nilikuwa kwenye bonanza moja, dogo kapanda stejini, sauti tamu mpaka nikaacha kula, kufika beti ya pili akatoa simu mfukoni akaanza kusoma. Nikasema hapana, leo naandika.

1. Mashairi yakae kichwani. Beti zote, sio ile ya kwanza na kiitikio.

2. Ki, yaani kimo cha sauti mnachopigia wimbo. Sauti ya mwimbaji wa dansi Hassan Bitchuka iko juu sana, wachache wamejaliwa hivyo, na ukililazimisha koo kufika kule unajiumiza bure. Shusha, ila mwambie mpiga solo siku ya mazoezi, sio mkishaanza kuhesabu.

3. Jua wimbo unasema nini. Hapa nikae kidogo maana bado linaniuma. Kwenye moja ya harusi zangu za mwanzo kamati waliniambia bibi harusi akiingia ukumbini nipige Malaika. Nimekua nikiusikia, najua Fadhili William kaurekodi, Miriam Makeba kauzungusha duniani, sauti ninayo, basi. Kumbe sijawahi kukaa chini nikaufuata mstari kwa mstari. Yule kijana wa kwenye wimbo anampenda binti ila mali hana, kumuoa anashindwa, ndo kilio chake chote. Mi nimefika pale pa kukosa mali nikamnyooshea mkono bwana harusi, natabasamu kabisa, nadhani namsifia! Mashangazi upande wa binti wakaangua kicheko na vigelegele juu, upande wa pili kimya, baba wa kijana kainamisha kichwa. Baadae mama mmoja mtu mzima akaniita pembeni akaniambia mahari ile iliwatesa, ukoo mzima ulichangishana na bado haijaisha. "Mwanangu, umewatangaza." Nikamfuata yule mzee kumuomba radhi, akanijibu yameisha baba, lakini uso wake ninao mpaka leo. Na bado kwenye maharusi naona vijana wanarudia yale yale. Wimbo ni mzuri, uimbeni, ila watu wakishakula, na uimbwe na huzuni yake.

4. Msikimbilie chemko jamani, pale wimbo unapochangamka watu wacheze. Najua watu wanataka kuinuka, ila nyimbo hizi zinaanza na kisa, taratibu, msikilizaji akishajua nani kamtenda nani ndo magitaa yanafunguka. Ukiruka beti ili watu wacheze mapema unawanyima wazee wa meza za nyuma kitu walicholipia kiingilio. Na chemko likishafika nyamaza, waachie solo na matarumbeta waongee, hizo "mikono juu, mikono juu" hazina kazi pale.

5. Maji ya uvuguvugu, sio ya baridi. Malipo mkubaliane kabla. Ukitunzwa, gawana na bendi.

6. Wataje wenyewe. Kabla ya kuimba sema huu ni wa Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, mzee katutoka 1965. Huu wa Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari ilimchukua kule Kenya 1979. Inachukua muda gani? Na utashangaa mtu anavyonyanyuka kuja kukushika mkono maana umemtajia ujana wake. Ukitaka kurekodi pita COSOTA kwanza, ndo ofisi ya hakimiliki, tafuta na familia. Kuna mdogo wangu mmoja, nampenda na anajijua, kapandisha zilipendwa mtandaoni akajiandika yeye ndo mtunzi. Ifute leo leo, halafu nipigie twende wote kuitafuta hiyo familia.