Ndege imeanguka juu ya ndege?

Swali: Jambo Mwalimu. Ninasoma habari kwenye redio moja ya mtaa hapa Goma. Ile habari ya Korea Kusini ya Desemba 2024 niliisoma hivi: «Ndege ya abiria imeanguka wakati wa kutua juu ya ndege walioingia ndani ya injini.» Watu wawili walipiga simu. Mzee mmoja wa Kigoma anayefanya biashara hapa aliuliza kama ndege moja iliangukia nyingine. Kisha mama mmoja wa Birere, mtaa wa hapa Goma, akaniuliza: «Moshi haijaisha, weye umekwisha kujua sababu?» Tafazali, nilikosa wapi? Ningesema namna gani? – Msomaji, Himbi

Jibu: Dada, jambo. Hao wawili hawakuuliza kitu kimoja. Mzee wa Kigoma aliuliza juu ya maneno, mama wa Birere aliuliza juu ya ukweli. Nitaanza na mzee kwa kuwa lake ni jepesi, ila la mama ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Huku kwetu, kutoka Uvira mpaka Bunia, na kule Lubumbashi pia, «juu ya» ndilo jibu la «juu ya nini?». Mtoto analia juu ya njaa. Mama hakuenda soko juu ya mvua, na hakuna anayemwona mama huyo amekaa mawinguni. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika «juu ya» ni mahali, au ni habari ya jambo fulani («mazungumzo juu ya bei ya sukari»), au ni wajibu («hiyo ni juu yako»). Mzee wako alisikia mahali. Siwezi kukuambia umekosea, kwani hiki ndicho Kiswahili tulichonyonya, na nyumbani usikiache. Lakini redio ina wasikilizaji wa kila upande wa mpaka, na kwao wote «kwa sababu ya» au «kutokana na» inafika salama. «Kwa ajili ya» ningeiacha hapa: wengi huisikia kama «kwa manufaa ya», na hakuna ndege inayoanguka kwa manufaa ya ukungu.

Halafu kuna ndege na ndege. Mwenye manyoya hufuata upatanisho wa viumbe: ndege ameruka, ndege wamekimbia. Ile ya chuma hufuata i- na zi-: ndege imepaa, ndege zimechelewa. Neno lako «walioingia» lilikuwa sahihi kabisa, ila lilichelewa. Sikio lilikwisha kushika «juu ya ndege». Tena wengi wetu Goma tunasema «ndege iko inaruka» kwa vyote viwili, na Lubumbashi ndeke ni ndeke, awe wa manyoya au iwe ya moteri. Msomaji wa gazeti anaweza kurudi nyuma kwenye sentensi. Msikilizaji hawezi. Siku ile ya kwanza ungesema «kundi la ndege wa mwituni». Baadaye wachunguzi walikuta katika injini zote mbili mabaki ya bata wa mwituni, na tangu hapo unaweza kusema «bata» bila wasiwasi.

Sasa «imeanguka». Kitu huanguka kikitoka juu, au kikiwa kimesimama kikalala: embe, ukuta, mlevi, serikali. Ndege ile ya Muan, Korea Kusini, Boeing 737-800 iliyotoka Bangkok tarehe 29 Desemba 2024 ikiwa na watu 181, haikuanguka. Marubani waliripoti kugongwa na ndege wa mwituni, wakatangaza hatari, wakazunguka, wakarudi kutua. Magurudumu hayakuwa yameshushwa. Ikagusa njia ya kurukia kwa tumbo, ikateleza kwa kasi, ikapitiliza mwisho wa njia, ikagonga tuta lenye zege lililobeba antena za kuongozea ndege. Watu 179 walikufa. Hesabu vitenzi hivyo: kugusa, kuteleza, kupitiliza, kugonga. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua, nasi tunaitupa hazina yote hiyo tunaandika «imeanguka». Ndege ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyokuwa na watu 43 na wakafa 19, ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia uwanja. Kutumbukia kunataja maji au shimo. Kuanguka hakutaji kitu.

Usidhani natafuta mapambo. Kitenzi ukikosea, sababu nayo unaikosa. Ukisema «imeanguka», msikilizaji anaanza kutafuta sababu angani: injini, mvua, mabawa. Ukisema «ilipitiliza njia», anauliza mambo mengine kabisa: njia ilikuwa na urefu gani? Ilikuwa imelowa? Mwisho wake palikuwa na nini? Sisi wa Goma tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 iliyokuwa ikienda Kisangani ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia, ikaingia katika nyumba na maduka ya Birere. Wengi waliokufa walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Mpaka leo tunasema «ile avio iliyoanguka Birere». Ndege hiyo haikuanguka, haikuwa hata imepaa. Na kwa kuwa tunasema ilianguka, tunasahau kuuliza habari ya njia yenyewe, ambayo lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliifunika upande wa kaskazini na kuifupisha. Jioni ile mimi nilisikia sababu tano tofauti kati ya Birere na Katindo, na kila msemaji aliapa.

«Kutua» ni neno ninalolipenda. Kwanza ni kushusha mzigo kichwani: tua mzigo, pumzika. Humo limetoka kituo, humo limetoka tulia. Ndege ikitua, imeuweka mzigo wake chini na imetulia. Kwa hiyo angalia wakati wa kitenzi: ukiandika «ilipata ajali ilipotua», masikio mengi yatasikia kwamba kutua kulikwisha. Andika «ilipokuwa ikitua» au «ilipokuwa ikikaribia kutua». Najua mitaani tunasema «wakati ilikuwa inatua», nasi tunaelewana; kwenye habari ya kuandikwa, hiyo -po- ibebe kazi yake.

Narudi kwa mama wa Birere.

Wahariri wengi hupenda «chanzo cha ajali ni...», linasikika kama neno la kitaalamu. Lakini chanzo kimetoka katika kuanza. Ni pale jambo lilipoanzia, na msikilizaji husikia kitu kimoja. Sababu ni pana zaidi. Kwa Kiarabu, lilikotoka, neno hilo kwa asili lilikuwa kamba. Ajali za ndege karibu zote zinafanana na kamba ya nyuzi nyingi. Pale Muan, bata huenda ndio chanzo. Kwa nini magurudumu hayakushuka ni uzi mwingine. Na kilichowaua watu wengi kiasi kile ni uzi wa tatu: wataalamu wengi walilinyoshea kidole lile tuta. Chanzo cha ajali na sababu ya vifo vinaweza kuwa mbali sana. Ukisema «chanzo ni ndege wa mwituni» siku ya kwanza, umeshika uzi mmoja ukauita kamba.

Nao uzi wenyewe unaweza kuwa ule ambao hakuna aliyeufikiria. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 kutoka Beijing ilikuwa ikikaribia kutua London. Injini zote mbili zilikataa kuongeza nguvu, ikashukia kwenye majani kabla ya kufika njia ya Heathrow. Watu wote 152 walipona. Ripoti ya mwisho ilitoka Februari 2010: barafu iliyojijenga ndani ya mfumo wa mafuta ilikuwa imeziba njia ya mafuta kwenda kwenye injini. Barafu ndani ya mafuta! Nani angelisema hilo redioni jioni ile?

Lile la «hali mbaya ya hewa» nalo ni gunia, kila kitu kinaingia. Mvua? Ukungu? Upepo wa ubavuni, au wa mgongoni unaoisukuma ndege mbele wakati inataka kusimama? Uwanja wetu uko mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa chini ikiwa na mwendo mkubwa zaidi na huhitaji njia ndefu zaidi ya kusimama kuliko ingehitaji Mombasa. Taja ulichoambiwa hasa, ama uache. «Kosa la rubani» nalo lina hatari yake, kwa sababu kosa kwetu ni hatia pia. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege zinasema wazi kwamba uchunguzi unafanywa ili ajali zisirudiwe, na kugawa lawama si kazi yake. Basi sema rubani alifanya nini: alishuka akiwa na mwendo mdogo mno, aligusa njia akiwa amechelewa. Neno la hatia liache kwa mahakama.

Hata «ajali» yenyewe inatuvuta vibaya. Kiarabu chake, ajal, ni muda uliokadiriwa, saa ya mtu kufa. Ndiyo maana wazee husema ajali haina kinga. Kwenye matanga maneno hayo yanafariji, nami nimeyasema. Kwenye habari yanafunga mlango, kwa kuwa kisicho na kinga hakiulizwi sababu. Endelea kulitumia neno hilo, hatuna jingine. Usiliache tu likawa ndilo jibu.

Kwa jambo usilolijua bado, lugha imekupa ngazi. «Huenda» na «yamkini» husema jambo linawezekana. «Inadaiwa» husema kuna mtu anadai, basi mtaje. «Inasemekana» haina mwenyewe, ni radio trottoir, uvumi wa mitaani, iliyovaa koti, na kwa msiba wa watu ningeifuta. «Kufuatia» nayo ni ya hila: yenyewe hutaja tu kilichotangulia, lakini msikilizaji husikia sababu. «Imebainika» na «imethibitika» ziweke kabatini mpaka ripoti itoke.

Kwa hiyo ningesoma hivi siku ile: «Ndege ya abiria iliyokuwa na watu 181 imepata ajali ilipokuwa ikitua Muan, Korea Kusini. Ilitua kwa tumbo, ikapitiliza njia, ikagonga tuta. Kabla ya hapo marubani waliripoti kugongwa na ndege wa mwituni. Sababu ya ajali haijajulikana.»

Na mama akipiga simu tena, una kitu cha kumwambia. Zile kanuni za kimataifa za uchunguzi zinataka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Andika tarehe zote mbili kwenye kalenda ya studio, mtajie, na siku hizo zikifika uisome habari upya.