Kwa wadogo zangu mnaoanza Uchumi: hata shamba la nyumbani lina gharama

Jumamosi iliyopita nilikaa na diskasheni ya kidato cha tano hapa mtaani, wengi wao EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), nikawapa swali dogo la kuchangamsha asubuhi: toa mfano mmoja wa uhaba na ueleze. Karatasi zilikuwa kumi na moja. Tisa ziliandika sukari. Nawapenda kwa kuacha usingizi wa Jumamosi na kuja na daftari zenu, lakini nilipofika karatasi ya sita nilisimama nikatoka nje kupunga upepo. Hayo madesa, notisi za kunakiliana mnazozimeza, ndiyo yaliyotupoteza sisi, na bado yanapita mkono kwa mkono, hata kosa la tahajia la ukurasa wa pili halijarekebishwa. Basi leo tusemezane.

1. Sukari haikuwa uhaba, ilikuwa upungufu. Mapema mwaka 2024 mvua za El Niño ziliyalowesha mashamba ya miwa, uvunaji ukakwama, kilo moja ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi, Serikali ikatangaza bei elekezi. Kwa bei ile elekezi, watu walitaka kilo nyingi kuliko zilizokuwepo dukani. Huo ni upungufu, na upungufu huja na kuondoka. Mvua zilikatika, viwanda vikasaga, sukari ikarudi. Uhaba, yaani rasilimali kutotosheleza haja zote, ulikuwepo kabla ya mvua na upo leo duka likiwa limejaa, kwa sababu ardhi ya Bonde la Kilombero inayokubali miwa inakubali na mpunga, na ekari moja haiwezi kubeba vyote viwili kwa msimu mmoja. Mgao wa umeme nao mnauandika vilevile. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, inafikisha megawati 2,115, na umeme ule umeusukuma mgao nyuma. Lakini zile shilingi takriban trilioni 6.5 za ujenzi zikishakuwa zege na mitambo, haziwi tena barabara wala zahanati. Hapo ndipo penye uhaba.

2. Fasili ya uchumi ya mwaka 1932, ya mwanauchumi Mwingereza Lionel Robbins, mnaikata mkia. Mnaandika haja nyingi, rasilimali chache, mnaweka nukta. Kipande mnachokiacha ndicho chenye uhai: rasilimali hizo chache zina matumizi zaidi ya moja. Kitu chenye kazi moja tu hakikuumizi kichwa, unakitumia basi. Kinachokuumiza ni kile kinachoitwa na kazi tatu kwa wakati mmoja.

3. Chako mwenyewe si cha bure. Hili nimelilipia, na aliyelipa hasa ni mama yangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, likizo ndefu, niko nyumbani Ifakara. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ekari mbili za mama zimelala. Nikamwambia mama tupande matikiti. Nilikuwa na A ya nadharia ya uzalishaji na nilizungumza kama mtu mwenye A. Niliandika bajeti kwenye karatasi ya mistari: mbegu, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua wa kuchimba mashimo, jumla shilingi 900,000. Ardhi niliandika sifuri, ni yetu. Nguvu ya mama niliandika sifuri, ni mama.

Jirani alikuja jioni moja akitaka kuikodi ardhi ile kwa msimu, apande mboga, alipe 200,000 mkononi. Nilimjibu mimi, kabla mama hajafungua mdomo.

Mama ni fundi cherehani, ana meza yake sokoni. Kwa miezi mitatu meza ile ilifungwa, kwa sababu alfajiri alikuwa shambani anamwagilia na jioni alikuwa shambani anafukuza nyani. Matikiti yalikubali. Tuliuza ya 1,600,000, nikamwonyesha karatasi: faida 700,000. Nilitegemea afurahi. Akaingia ndani, akatoka na daftari lake la vipimo vya wateja, lile lenye jalada lililoshonwa upya kwa uzi mweusi, akanifungulia miezi ileile ya mwaka uliotangulia. Kurasa zilikuwa zimejaa: kifua, kiuno, urefu wa mkono, vitenge vya harusi, sare za kwaya. Baada ya mavuno watu wana pesa na harusi zinafuatana. Akishatoa gharama za uzi, vitambaa na ushuru wa meza, alikuwa akibaki na 180,000 kwa mwezi. Kisha akafungua mwaka wetu wa matikiti. Ukurasa mweupe. Hakusema neno.

Nilipiga hesabu usiku ule: miezi mitatu ya cherehani ni 540,000, ongeza 200,000 za jirani, inakuwa 740,000. Faida yangu ya 700,000 ilikuwa hasara ya 40,000, na wateja wawili wa kudumu walishahamia kwa fundi mwingine. Nilimwomba radhi asubuhi, akiwa anapiga mswaki uani. Siku hizi nikimpelekea wazo lolote, kabla hajauliza bei ya mbegu ananiuliza, "Na mimi umeniandika wapi, baba?"

4. Kwenye gharama mbadala, yaani thamani ya kile ulichokiacha ili upate ulichochagua, msijumlishe kila ulichokikosa. Ardhi ile ingeweza kukodishwa kwa 200,000 au kupandwa maharage ya kutuachia labda 150,000. Gharama yake ni 200,000, ile njia bora iliyoachwa, si 350,000, kwa maana isingefanya vyote viwili. Kazi ya mama niliijumlisha kwa sababu mama ni rasilimali nyingine, ana njia yake bora aliyoiacha. Somo hili lilimtoa machozi binti mmoja wa HGE Jumamosi, akasema mwalimu wake alimkosesha alama nne na hakumweleza kwa nini. Sasa anajua.

5. Hewa ni bidhaa huria, yaani unaipata bila kuacha kitu kingine, lakini oksijeni kwenye mtungi wa hospitali si huria. Andikeni mazingira, msiandike jina la kitu peke yake.

6. Kurva ya uwezekano wa uzalishaji, ule mstari wa kwenye grafu unaoonyesha kiasi cha juu cha bidhaa mbili kinachoweza kuzalishwa kwa rasilimali zilizopo: nukta iliyo ndani ni rasilimali zisizotumika vizuri, iliyo nje haifikiki kwa sasa. Andikeni majina ya mihimili, nawasihi.

Jumamosi hii tunaanza saa tatu kamili. Kila mmoja aje na kitu kimoja cha nyumbani kwao ambacho hakuna anayekilipia, iwe kiwanja, baiskeli au jioni za dada anayepika, na aandike pembeni kingekuwa kinafanya nini sasa hivi.