Anayeushika Ujumbe

Mwanangu Rukia,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na mguu wa bibi yako umepoa. Umeniuliza seli ya ini inajuaje kwamba madini ya chuma yamepungua, maana mhadhiri wenu alipita hapo mbiombio. Kujua si kazi kubwa. Kuna protini inaitwa IRP1. Chuma kikiwa tele, inabeba ndani yake kifundo cha atomi nne za chuma na nne za salfa, nayo inafanya kazi nyingine kabisa, ya kimeng'enya. Chuma kikipungua kifundo kinavunjika, na pale kilipokuwa panakuwa pa kushikia RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni. Basi.

Swali ni hili: ikishashika? Wewe tangu mdogo nimekwambia, ujumbe hautoshi, mtazame anayeushika. Jeni ya feritini inanakiliwa, RNA inatoka kwenye kiini imekamilika, haina kasoro. Lakini mwanzoni mwake pana kikunjo mfano wa pini ya nywele, na IRP1 inaikamata hapo hapo. Ribosomu, mafundi wa kuunda protini, hazipati pa kupandia. Feritini haitengenezwi, na feritini moja tu ni ghala la hadi atomi 4,500 za chuma.

Babu yako Seif, ami yangu, unamkumbuka. Mwaka niliochaguliwa kwenda kusomea ualimu Unguja, barua ilifikia dukani kwake Wete. Baba alikuwa ameshafariki, na msimu ulikuwa mbaya. Mimi nikakaa barazani nachambua karafuu chache tulizopata, nikijua nimeanguka. Siku moja akanituma nikamtolee chenji kwenye kibweta. Bahasha imefunguliwa. Jina langu. Siku ya kuripoti imepita miezi miwili. Nilirudi na chenji mkononi, wala sikumbuki ilikuwa shilingi ngapi.

Chini ya bahasha zilikuwepo hati za shamba la Konde, zile ambazo jamaa wa upande ule walikuwa wanazitafuta wazichane.

Hapo ndipo protini hii inaponisumbua. IRP1 hiyo hiyo, katika ukata huo huo, inashika ujumbe mwingine, wa kipokezi cha transferini, mlango wa kuingizia chuma kwenye seli. Huo una vikunjo vitano, na viko mkiani. Ukishikwa mkiani haufungwi, unalindwa usikatwekatwe, na milango inaongezeka. Mshikaji ni mmoja: huu anauzuia, ule anauhifadhi, yote kwa kuwa nyumba imeishiwa.

Basi Ami alifanya haki? Hapana. Protini haina hiari, mtu anayo. Angeniambia. Lakini angeniambia ningekwenda, na nani angebaki na bibi yako na wale wadogo zangu watatu? Na karafuu za Konde ndizo zilizokulipia ada wewe. Hata hivyo angeniambia! Nilikwenda mwaka uliofuata, na yeye mwenyewe akanibebea sanduku hadi bandarini Mkoani. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Mungu amrehemu. Neno langu juu yake liko hapa kooni, na sitalitoa.

Vichore vikunjo vyote, kile cha mwanzoni na vile vitano vya mkiani, unitumie picha nione kama umeelewa.

Mamako