Mgonjwa "aliweza" kuchomwa sindano?

SWALI: Mimi ni muuguzi, niko Dodoma. Katika ripoti ya zamu niliandika: "Mgonjwa wa figo aliweza kuchomwa kalsiamu kwenye mshipa, ambayo iliweza kushusha potasiamu." Mwenzangu anashikilia kwamba ilipaswa kuwa "kupitia mshipa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Wote wawili, ingawa "sindano ya mshipa" ndiyo inayosemwa wodini, na inatosha. Kalsiamu yenyewe asili yake ni Kilatini, calx, yaani chokaa; aliyeipa jina ni Humphry Davy, mwaka 1808. Swali lako limekwishia hapo. Sasa tuzungumze, maana hilo "aliweza" limeniharibia chai.

Kuweza ni kuwa na uwezo. Mtu kalala hoi, moyo unapiga ovyo kwa potasiamu iliyozidi: ameweza nini huyo? Amechomwa tu. Ungeniambia mishipa ilikuwa imesinyaa, ukahangaika na mkono wa kulia, ukahamia wa kushoto, mwishowe ukaweza kuupata mmoja, ningekupigia saluti. Hapo umeweza kweli. Lakini siku hizi kitenzi hakitoki nyumbani bila "kuweza" kutangulia, kama msafara wa kiongozi na king'ora chake. Waziri aliweza kuwasili. Mvua iliweza kunyesha. Redioni nimesikia abiria "waliweza kufariki", utadhani walikuwa wakijaribu tangu asubuhi!

Na hiyo "iliweza kushusha potasiamu"? Haikuweza, wala haitaweza. Kalsiamu huukinga moyo usiyumbishwe, kwa dakika 30 hadi 60 hivi. Potasiamu hubaki damuni vilevile. Kuiteremsha ni kazi ya insulini na glukosi, zinazoisukuma ndani ya seli, au ya mashine ya kusafisha damu. Ungeandika "ilishusha", kavukavu, huenda ungeshtuka mwenyewe ukaifuta. "Iliweza" ikakupitishia uongo mlango wa nyuma.

Andika hivi: "Mgonjwa alichomwa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, polepole, kwenye mshipa, ili kuukinga moyo." Jina lote, tafadhali, usiishie "kalsiamu": kuna na kalsiamu kloraidi, ambayo kwa kipimo hichohicho ina kalsiamu karibu mara 3 ya glukoneti, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Mwenzako aking'ang'ania "kupitia", mwachie.