Re: Kupiga picha za treni Uingereza bila tiketi ya kusafiri

Kaka, umeuliza kama mwanao anaweza kuingia jukwaani Uingereza kutazama treni na kupiga picha ilhali hamsafiri. Anaweza, ila inategemea stesheni. Baadhi ya zile kubwa, kama Euston au King's Cross za London, ziko chini ya Network Rail, shirika la umma linalosimamia njia za reli, na wao wana mwongozo kabisa kwa wapenzi wa treni: ukifika jitambulishe mapokezi, na picha ziwe za kwako, si za biashara. Stesheni nyingine nyingi husimamiwa na kampuni za treni. Huko, kwenye mageti ya tiketi, hakuna haki ya kudai upite, unamwomba mhudumu kwa adabu. Asubuhi na jioni, watu wakienda na kutoka kazini, usijisumbue.

Flashi ni marufuku kabisa, kwani inampofusha dereva. Simameni nyuma ya mstari wa manjano, na miguu yote ya stendi ya kamera iwe nyuma yake pia. Na dogo asivae ile rifleta yake! Kijakoti cha rangi kali kinaweza kumchanganya dereva akadhani ni mfanyakazi wa reli.

Mimi ningempeleka stesheni ya York, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Haina mageti ya tiketi, mnaingia tu hadi majukwaani chini ya lile paa lililopinda. Tena makumbusho ya taifa ya reli yako hapo jirani, kiingilio bure, na kichwa cha mvuke Mallard, kilichofikisha maili 126 kwa saa mwaka 1938, ni chao.