Majibu yanasema "havionekani", sasa niache dawa?

Juzi msomaji mmoja wa Kibaigwa anayeishi na VVU kaniandikia: "Mwaka wa tatu huu, kila nikipima naambiwa virusi havionekani. Vidonge vimenichosha. Kama havionekani, nameza vya nini?" Kwenye dirisha la dawa swali hilo ni la kila siku, na jibu letu huwa fupi mno: usiache. Leo nalijibu kwa urefu.

Havionekani kwenye damu. Mwilini vimo.

Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu virusi vinavyoelea kwenye damu, kopi ngapi katika mililita moja. Vikishuka chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu, karatasi inaandikwa hivyo. Ni habari njema kwelikweli: kinga inapata nafuu, na humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Ila kipimo hicho hakichungulii ndani ya seli.

Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, moja ya seli za kinga, hugeuza RNA yake (vinasaba vyake) kuwa DNA, aina ya vinasaba vya seli zetu, kisha huishona DNA hiyo katikati ya vinasaba vya seli yenyewe. Kidonge unachomeza, wengi tunakiita TLD, kina tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Mbili za kwanza huzuia ule ugeuzaji, ya tatu huzuia ushonaji. Zote tatu zinalinda seli ambazo hazijaambukizwa. Hakuna hata moja inayofumua kilichokwisha kushonwa.

Seli nyingi zilizoambukizwa hufa. Chache, kama moja katika kila milioni ya zile CD4 zilizopumzika, hulala na kirusi ndani bila kutengeneza chochote. Kwa kuwa hazitengenezi kitu, dawa haina cha kuzuia na kinga haina cha kukamata.

Mkulima wa mtama wa Chamwino au Bahi ataelewa haraka kwa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Mmea mmoja hudondosha mbegu maelfu kwa maelfu, laini kama vumbi. Ung'oe wote na shamba litaonekana safi, lakini mbegu hukaa ardhini hata miaka 10 na zaidi, zikingoja harufu ya mzizi wa mtama, uwele au mahindi. Ukirudisha mtama, kiduha hicho!

Watafiti walipima hifadhi hii ya seli zilizolala wakakuta hupungua nusu kwa takribani miezi 44. Kwa mwendo huo, kuimaliza kwa vidonge peke yake kunahitaji miaka zaidi ya 70. Tena seli hizo hugawanyika, na kila ikigawanyika kirusi kinanakiliwa pamoja nayo. Ndiyo maana kwa wengi, dawa zikiachwa, virusi hurudi ndani ya wiki mbili au tatu. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa 2010, alianzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa, akaja kuziacha akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alikaa miezi 27 bila virusi kuonekana. Mwaka 2014 vikarudi.

Na waliopona? Wapo, wanahesabika kwa vidole. Timothy Ray Brown alipandikizwa uboho kule Berlin 2007 na tena 2008, kwa sababu alikuwa na saratani ya damu. Aliyemchangia alizaliwa bila mlango wa CCR5 ambao VVU hupitia. Upandikizaji wa namna hiyo wenyewe unaweza kuua. Hauwezi kufanyiwa mtu anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku.

Njia nyingine inafanana na ile ya kupanda alizeti au karanga kwenye shamba la kiduha: mizizi yake huamsha mbegu, lakini kiduha hakiwezi kuishikilia, kinakufa. Kwa VVU walijaribu dawa za kuamsha, kama vorinostat inayotibu saratani. Virusi viliamka kweli, ila seli zilizovibeba hazikufa, na hifadhi haikupungua. Wengine wanajaribu kuvifungia usingizini moja kwa moja, wengine kuvikata kutoka kwenye vinasaba. Bado ni maabara na majaribio. Kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya kusafisha virusi" kwenye chupa ya maji ya nusu lita, muulize ameifikiaje seli iliyolala.

Sasa kidonge chako. Kimeze saa ileile kila siku. Ukisahau, kimeze ukikumbuka, isipokuwa zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata. Usimeze viwili pamoja. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu hushika dolutegravir tumboni isisharabiwe: meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada. FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi) za kliniki ya wajawazito na vidonge vya kalsiamu hufanya vilevile, ila hivi unaweza kuvimeza pamoja na TLD mradi umekula. Ukianza dawa za TB zenye rifampicin, utaongezewa dolutegravir 50 saa 12 baada ya TLD.

Najua kopo linagonga mkobani na watu wanageuka. Beba vya siku mbili tatu tu kwenye kikopo kikavu, vingine vibaki kwenye kopo lake na kile kijipakiti cha kukausha unyevu. Visikae juu ya dashibodi ya gari. Mwisho ni nyuzi 30, na Oktoba ya Dodoma unaijua.

Karatasi ikisoma kopi 60 au 120 mara moja, usihangaike. Ikifika 1,000 utaitwa kuzungumzia ufuasi wa dawa, kisha kipimo kirudiwe.

Na dada, kabla hujafikiria tena kuacha, uliza CTC, kliniki yako ya VVU, kama ulishapimwa homa ya ini B. Tenofovir na lamivudine zinaizuia hiyo pia, na ukizikata ghafla ini linaweza kuwaka.