Viputo vya Sabuni Vinavyogawanyika Kama Seli

Likizo ya Aprili, mpwa wangu aliye kidato cha tatu alisimama mbele ya picha niliyoitundika sebuleni kwangu hapa Manyatta, Kisumu, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mjomba, hii ni seli ya mmea au ya mnyama?" Ilikuwa picha ya viputo viwili vya sabuni vilivyoshikana juu ya kioo. Nilikuwa nimepiga mamia ya picha za aina hiyo bila kujiuliza swali lake, na sasa ndilo jambo la kwanza ninalomwambia anayetaka kuanza: amua kwanza unaiga mgawanyiko upi. Seli ya mnyama hujibana kiunoni, kwa sababu mshipi wa protini ulio chini ya utando wake hujikaza kama uzi wa mdomo wa mfuko hadi pande mbili zikaachana. Seli ya mmea, iliyozungukwa na ukuta mgumu, haiwezi kujibana hivyo. Hujenga ukuta mpya katikati. Viputo huweza kuiga yote mawili, ila kwa njia tofauti kabisa.

Anza na mgawanyiko wa mmea, kwani ndio rahisi. Mimi huchanganya sehemu 10 za maji ya mvua, sehemu 1 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na nusu sehemu ya glisirini, ile ile ya kujipaka, kisha huuacha mchanganyiko ulale usiku kucha ili povu liishe. Glisirini huchelewesha maji kukauka, nawe unapata dakika badala ya sekunde. Lowesha kioo, kisha utumie sirinji isiyo na sindano kupuliza viputo viwili vya nusu duara vinavyogusana. Wengi hukosea hapa kwa kuridhika na viputo vya ukubwa wowote. Hewa iliyo ndani ya kiputo kidogo ina shinikizo kubwa zaidi, hivyo ukuta wa katikati hubinuka kuelekea kwa kile kikubwa, na mtazamaji huona mgongano badala ya mgawanyiko. Vikilingana, ukuta hunyooka kana kwamba umepigwa rula. Ndiyo maana napenda sirinji kuliko mrija: robo mililita ya hewa hutoa kiputo chenye upana wa milimita 10 hivi, na unaweza kuirudia bila kubahatisha.

Usijisumbue kutafuta viputo vinne vinavyokutana katika nukta moja. Kuta za viputo hukutana tatu tatu, kwa pembe za nyuzi 120, jambo lililoelezwa mwaka 1873 na mwanafizikia Joseph Plateau wa Ubelgiji, ambaye wakati huo alikuwa kipofu na alitegemea macho ya wasaidizi wake.

Mwanga ndio ulionitesa zaidi. Kwa miezi kadhaa nilitumia mwanga wa dirishani, na kila kiputo kikanirudishia madirisha mawili, moja wima na jingine kichwa chini, pamoja na rangi zote za upinde wa mvua. Zilikuwa picha za kupendeza, lakini hakuna ambaye angezidhania kuwa za seli. Chini ya hadubini, seli huonekana angavu yenye kingo zinazong'aa, na ili kupata hali hiyo ni lazima mwanga utoke chini na pembeni. Inua kioo juu ya vikombe viwili, weka tochi pana chini yake ikiwa imefunikwa kwa karatasi nyeupe, kisha katikati ya karatasi hiyo uweke kipande cheusi kinachojaza fremu nzima ya kamera. Mwanga utapita kando ya kipande hicho, utagonga kuta za viputo na kuziwasha dhidi ya giza. Fanya kazi hii alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Usiku pia hakuna upepo huo, lakini wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata tochi na kuishia ndani ya sabuni.

Kuhusu lenzi, si lazima ununue ya bei ghali. Lenzi kuukuu ya milimita 50 iliyogeuzwa nyuma mbele hutoa picha yenye ukubwa unaokaribia ule wa kitu chenyewe. Kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, sehemu inayoonekana wazi ina unene wa milimita moja hivi tu, kwa hiyo lenga pale ukuta unapokutana na kioo, na sehemu nyingine ziwe na ukungu. Kumbuka tu kwamba upande wa nyuma wa lenzi sasa uko wazi: kiputo kilinipasukia, nikaufuta kwa shati, na mikwaruzo ile ninayo hadi leo.

Kwa mgawanyiko wa mnyama, fundi wa jua kali pale Kibuye alinikunjia pete mbili za waya. Shikilia kiputo kati ya pete hizo na uzivute polepole. Kitarefuka kama bomba, na urefu ukizidi upana wake mara tatu na kidogo, kiuno kitajibana chenyewe na viputo viwili vitaachana. Jicho haliwahi tukio hilo. Tumia flashi kwa 1/32 ya nguvu yake yote, ambayo mmweko wake ni mfupi sana, na uvumilie: jioni ya kwanza nilipata picha mbili tu zilizofaa.

Mpwa wangu, kwa kawaida yake, aliongeza swali: kiini kiko wapi? Puliza viputo vikubwa zaidi, vya mililita 2 kila kimoja, kisha uloweshe mrija mwembamba wote, uupitishe kwenye kuta zao na upulize kiputo kidogo ndani. Sehemu kavu ya mrija, hata iwe ndogo namna gani, itakipasua. Weka kiini katika kila upande, kwa sababu wakati mmea unapojenga ukuta wa katikati viini huwa tayari ni viwili. Ukiweka kimoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu atakuuliza cha pili kimekwenda wapi.